Miguu ya bi harusi aliyevuka bahari



Kila msimu wa harusi mnatuuliza mambo ya singo, liwa na hina: ngozi ing'ae vipi, miguu ilainike vipi. Hayo tutaendelea kuyaandika, inshaallah. Leo tunaomba tumzungumze bi harusi mwengine, ambaye akishuka chomboni hawezi hata kusimama.

Ni binti wa Kirohingya. Mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 wa jamii yake walikimbia Myanmar wakaingia Bangladesh, na wengi wapo kambini Cox's Bazar hadi leo. Kwa desturi yao, nyumba ya binti ndiyo inayotakiwa kutoa mali kumpa bwana, na kambini mali hiyo haipatikani. Mrohingya mwenzao aliyeko Malaysia mara nyingi husamehe mali hiyo na hulipa nauli. Binti hana uraia wala pasipoti, basi hupakiwa kwenye mashua ya magendo.

Mwaka 2020 nchi zilifunga bandari zao. Mwezi wa Septemba mashua moja ilifika Aceh, Indonesia, na watu karibu 300, wengi wao wanawake, baada ya kiasi cha miezi saba baharini.

Tufikirie mwili huo. Amekaa amekunja magoti, amebanwa kila upande. Damu haitembei vizuri, miguu inavimba, misuli inalegea. Chakula ni wali mweupe kidogo tu, usio na vitamini B1 ya kutosha, na upungufu huo huleta beriberi: miguu hufa ganzi na moyo hudhoofika. Manusura wa mwaka 2015 walikutwa nayo. Nguo zimelowa maji ya chumvi, ngozi inalainika, inachubuka, inafanya vidonda pale anapokalia. Na vidonda hivyo vipo mahali ambapo mwanamke mwenye haya hatamwonyesha mwanamume.

Wapo wanaosema, "Amejitakia." Sisi hatukubali. Anayetaka ndoa ya halali na nyumba yenye mlango hakutaka dhambi. Kama angekuwa na karatasi mkononi, angepanda ndege kama bi harusi yeyote wa kwetu.

Tunapenda kusema umma ni mwili mmoja. Basi tusiishie kwenye dua. Kwanza, tuseme wazi kwamba kukisukuma chombo chenye watu kirudi baharini ni dhulma, hata serikali inayofanya hivyo ikiwa ya Waislamu. Wavuvi wa Aceh walikwishaonyesha mfano: mila yao ya bahari inawataka wamuokoe anayezama kabla ya kumuuliza anatoka wapi. Pili, tunapotoa sadaka tuulize kama huko inakokwenda kuna madaktari na wauguzi wa kike, maji baridi ya kuoshea chumvi, nguo kavu na pazia la sitara. Kidonda kinachofichwa kwa haya ndicho kinachooza.

Na wewe unayeolewa mwezi ujao, furahi, ni haki yako. Punguza sahani chache tu za karamu, thamani yake umpelekee mwenzio. Hina yako haitapungua wekundu.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama walioko baharini usiku huu. Amin.