Kaa au K'aa: Mahali pa Maikrofoni Katika Ushairi Unaoimbwa

Kuna neno moja katika shairi la mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambalo nimelisikiliza mara nyingi kupita kiasi, na hadi leo sijui ni neno gani. Mzee mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Shairi hakuliandika. Rekodi iliyopo ni moja tu, nami ndiye niliyeifanya; kwa hiyo lawama ninayoitoa katika makala haya inaanzia kwangu.

Neno lenyewe ni kaa. Wasomaji waliolelewa katika Kimvita wanajua kwamba hati yetu sanifu huficha maneno mawili ndani ya herufi hizo. Kaa la moto hutamkwa kwa k kavu. Kaa wa baharini hutamkwa kwa k yenye mpumuo, ambayo baadhi ya waandishi huionyesha kwa alama: k'aa. Ndivyo ilivyo pia kwa paa la nyumba na p'aa wa porini, chungu cha kupikia na ch'ungu watambaao. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi hututoa katika utata. Mzee, kwa ustadi wake, alilitia neno lake mahali pasipo na kiambishi cha kulifichua: mkononi mwa mtoto mna kaa. Likiwa la moto, shairi ni onyo kwa aliyekabidhiwa dhamana asiyoiweza. Akiwa wa baharini, shairi ni mzaha juu ya mvuvi mchanga anayejivunia windo linalombana kidole. Ubeti mzima, na pengine shairi zima, umening'inia kwenye pumzi moja. Waliohudhuria jioni ile waliisikia pumzi hiyo. Chombo changu hakikuisikia.

Nimewauliza waliokuwapo. Wawili wanasema la moto, mmoja anaapa ni wa baharini, na kijana aliyepiga udi ananiambia kwa haya kwamba alikuwa akizisikiliza nyuzi zake.

Tulikuwa watu kama kumi sebuleni, kwenye nyumba ya mawe yenye kuta za chokaa na sakafu ya saruji. Mzee aliimba, kijana kando yake akampigia udi. Mimi niliweka simu yangu katikati ya meza, baina ya finjani za kahawa, chini ya pangaboi. Kutoka simu hadi udi palikuwa na nusu mita. Kutoka simu hadi mdomo wa mzee palikuwa na mita mbili. Mzee akaitazama, akaniuliza, "Mwalimu, hicho chombo chasikia hapo kilipo?" Nikamjibu, kwa ujinga wa msomi, "Ami, usijali, simu hii ni mpya."

Swali lake lilihusu mahali. Jibu langu lilihusu bei. Naamini kosa hilo tunalifanya wengi, nalo ndilo linalopoteza sehemu kubwa ya mashairi tunayodhani tumeyahifadhi.

Huenda lugha yenyewe inachangia. Maikrofoni tumezoea kuiita kipaza sauti, na jina hilo limetufunza kwamba kazi yake ni kuikuza sauti ili umati usikie. Kwa mkutano wa hadhara, sawa. Lakini anayerekodi mghani na udi mmoja ndani ya chumba hahitaji kupaza chochote. Anahitaji sikio. Na sikio, tofauti na mdomo, linapaswa kwenda penye sauti. Hakuna mtu anayetaka kusikiliza siri kisha akakaa upande wa pili wa chumba.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Sauti itokayo mdomoni hufika kwenye maikrofoni kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kugonga kuta, dari na sakafu. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, ile ya moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile. Ukisogea mbali vya kutosha, mwangwi unatawala, na silabi ya kwanza inaimeza ya pili. Irabu hustahimili dhiki hiyo kwa kuwa zina nguvu. Wanaoangamia ni konsonanti: s na sh, th na dh, na mpumuo wa k'. Hizo ni sauti nyembamba, za mara moja, na mvumo wa pangaboi unatosha kuzifunika. Simu huongeza balaa la pili: nyingi hujirekebisha zenyewe kiwango cha sauti. Mwimbaji akivuta pumzi kati ya ukwapi na utao, simu hupandisha usikivu wake, na pangaboi hujitokeza mbele kama mgeni asiyealikwa.

Basi mahali pazuri ni wapi? Kwa sauti ya mtu anayeimba kwa utulivu, mimi huanza na sentimita 30 hivi, yaani shubiri moja na ushei. Maikrofoni ikae juu kidogo ya usawa wa mdomo, na kando kidogo, huku ikiuelekea mdomo. Ikikaa mbele kabisa, upepo wa p na b huipiga usoni na kutoa mshindo kama mlango uliofungwa kwa hasira. Paa na p'aa huwa mshindo mmoja. Ikikaa kando, upepo unapita na sauti inaingia. Wala isisogezwe mno. Maikrofoni zinazosikia upande mmoja huinua sauti nzito kadiri zinavyokaribiwa, na kwa shubiri nusu mzee mwenye sauti nyembamba huanza kunguruma kama mtangazaji wa redio. Hiyo si sauti yake, na sisi hatukuja kumtungia nyingine.

Kuhusu aina, nitasema machache. Kuna maikrofoni zinazosikia pande zote sawasawa, na kuna zile ambazo eneo lao la usikivu lina umbo la moyo: husikia vyema mbele, kiasi ubavuni, na kidogo sana mgongoni. Katika chumba chenye mwangwi, hizi za moyo hufaa zaidi, kwa sharti kwamba mgongo wake uelekezwe kwa kile usichokitaka. Maikrofoni ya kondensa hudaka sauti nyembamba kwa wepesi, lakini nyingi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kinasa sauti. Ya dainamiki haihitaji umeme huo, huvumilia safari na vumbi, nayo hupenda kukaribiwa. Aliye na ya bei nafuu karibu na mdomo atamshinda aliye na ya bei ghali upande wa pili wa sebule.

Udi nao una haki yake. Ukipata maikrofoni ya pili, usiielekeze katikati ya tundu kubwa la udi, maana hapo mvumo huwa mzito mno. Ielekeze kati ya tundu na daraja la nyuzi, kwa umbali ule ule wa sentimita 30. Kisha hakikisha umbali kati ya maikrofoni mbili hizo ni angalau mara tatu ya ule ulio kati ya kila moja na chanzo chake, yaani sentimita 90, ili sauti moja isiingie kotekote na kujichafua. Ukiwa na moja tu, wapange watu badala ya kuhangaika na vitufe: mwimbaji karibu, udi nyuma yake kwa mita moja au zaidi. Tandika zulia, shusha mapazia mazito, zima pangaboi. Joto la dakika kumi halijaua mtu.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa kuwa nimeletewa na marafiki ninaowaheshimu. Wanasema ushairi wetu haukuzaliwa studio. Kwamba kelele za finjani, kicheko cha jirani na kigelegele ni sehemu ya shairi, na anayezifuta anakausha maiti. Nakubaliana nao nusu. Sitaki chumba kifutwe. Wakitaka chumba, wakiwekee maikrofoni yake, ile isikiayo pande zote, waitenge mbali kidogo, na sauti yake waichanganye baadaye kwa kiasi wapendacho. Kigelegele kinaweza kuongezwa au kupunguzwa. Neno lililomezwa na mwangwi halitolewi tena tumboni mwake, na hakuna programu ya kompyuta itakayoniambia kama mtoto yule alishika moto au alishika kaa wa baharini.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika sahani za santuri. Ndiyo iliyokuwa gharama ya kuifikia maikrofoni. Leo maikrofoni imo mfukoni mwetu, nasi tunaona uzito kuinuka kitini na kuisogeza hatua mbili. Tunahariri vina kwa ukali, tunahesabu mizani kwa vidole, tunagombana miezi kuhusu herufi moja katika diwani iliyopigwa chapa. Kisha anapokuja mtu ambaye diwani yake iko kichwani, tunamwekea simu mezani na kumwomba aanze.

Siku hizi nina kawaida moja, na ningependa wenzangu waichukue. Kabla ya kurekodi, navaa vipokea sauti vya masikioni, nafumba macho, na namwomba mwimbaji atamke maneno manne kwa mpangilio autakao mwenyewe: paa, p'aa, kaa, k'aa. Nikiweza kuyatambua yote bila kumtazama mdomo, naanza. Nikishindwa hata moja, nasimama na kuisogeza maikrofoni, kisha namwomba radhi na kumsihi atamke tena. Wazee hucheka. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, wanitahini?" Nikamjibu kwamba anayetahiniwa ni mimi.