Moshi Katika Chombo cha Wote

Wakati wa kipupwe, upepo wa kusi uvumapo, abiria wa mabasi ya Kibiti hufunga madirisha, na wale wa mashua zitokazo Nyamisati hujikusanya chini ya turubai. Hapo mtu mmoja akiwasha sigara, moshi wake huvutwa na wote: mama mjamzito, mtoto mchanga na mgonjwa apelekwaye hospitali. Baridi si kisingizio. Tena katika mashua hatari ni maradufu, kwani petroli ya mashine imo humo humo chomboni.

Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, na mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya jambo hilo. Lakini askari hawezi kuwamo katika kila mashua ya delta. Watumishi wa serikali na walimu wamo. Mwalimu afundishaye madhara ya tumbaku darasani, kisha akavuta safarini mbele ya wanafunzi wake, amelifuta somo lake mwenyewe. Hapana budi wao wawe wa kwanza kuzima sigara, na wa kwanza kumwomba mwenzao, kwa adabu, angoje hadi nchi kavu.