Tundu Moja la Kuchajia ni Haki ya Mnunuzi wa Mbali

Katika nchi ambayo fedha, habari na huduma za serikali hupitia katika simu ya mkononi, swali la simu hiyo kuchajiwa kwa waya wa aina gani si la mafundi peke yao, bali ni swali la maslahi ya umma, na kadiri mtu anavyokaa mbali na mji ndivyo linavyomgusa zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tundu la kuchajia la aina moja kwa simu zote ni haki ya mnunuzi, hasa yule wa mashambani kama wa Matinyani katika Kaunti ya Kitui, na kwamba haki hiyo, ingawa imekwisha kupatikana kwa sehemu kwa juhudi za mataifa mengine, haitakamilika nchini Kenya mpaka iandikwe katika viwango vya taifa, isimamiwe sokoni na kudaiwa na wanunuzi wenyewe.

Kabla ya kuendelea, yafaa maneno mawili yaelezwe. Tundu miliki ni tundu lililobuniwa na kampuni moja kwa ajili ya vifaa vyake, likalindwa kwa hataza, yaani hati inayompa mbunifu haki ya pekee juu ya ubunifu wake kwa muda maalumu, kiasi kwamba kiwanda kingine hakiruhusiwi kuunda waya wa kulitoshea bila idhini, ambayo aghalabu hulipiwa. Kiwango cha pamoja nacho ni maelezo ya kiufundi yaliyokubaliwa na wengi na kuchapishwa wazi, ili kila mwenye kiwanda aweze kuyafuata na bidhaa ya mmoja ioane na ya mwingine.

Matinyani ni wadi ya eneo bunge la Kitui Magharibi, katika nchi kame ya Ukambani ambako mvua ni ya kubahatisha na mkulima hutegemea mahindi, kunde, mbaazi na ndengu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, fedha ambazo mtoto aliye Nairobi au Mombasa humtumia mzazi wake huingia katika simu. Taarifa ya mbolea ya ruzuku humfikia mkulima kwa ujumbe mfupi. Na hata kujiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024, kunaweza kufanywa kwa kubonyeza *147#. Simu ikizimika fedha hazipotei, lakini mwenyewe hawezi kuzitumia, na mgonjwa anayehitaji nauli ya kwenda hospitali usiku hafarijiki kwa kuambiwa kwamba salio lake liko salama.

Nyumba nyingi za mashambani hazijafikiwa na umeme wa gridi, na zilizofikiwa nazo hukatikiwa, kwa hiyo kibanda cha kuchaji simu kimekuwa sehemu ya kawaida ya soko. Juu ya meza yake hupangwa simu za watu mbalimbali, kila moja ikiwa na kipande cha karatasi chenye jina au nambari ya mwenyewe, na kutoka katika ekstensheni moja hutokeza shada la nyaya zenye ncha za kila namna: pini nyembamba ya duara ya kabambe (simu ndogo za vitufe) za zamani, ncha bapa ya USB ndogo ambayo wauzaji huiita maikro, ncha ya USB-C ambayo huitwa Taipu C, na ncha ya iPhone ambayo si kila kibanda kinayo. Malipo kwa kawaida ni shilingi 10 au 20 kwa simu moja. Ncha inayotakiwa ikikosekana au ikiwa imekatika, mteja hurudi nyumbani na simu iliyozimika, au hupanda bodaboda kwenda mjini Kitui kutafuta waya ambao bei yake huenda ikashindwa na nauli ya safari. Hapo ndipo dhuluma ya utofauti inapodhihirika, kwa maana mkazi wa mjini hukuta nyaya za kila aina katika kila duka analopita, ilhali mkazi wa mbali hulipa kwa fedha, kwa muda na kwa kukosa mawasiliano.

Utofauti huo haukuzuka kwa bahati mbaya, bali ulikuwa na faida kwa waliouanzisha. Katika miaka ya mwanzo ya simu za mkononi kila kampuni ilikuwa na chaja yake, na Nokia, ambayo simu zake zilienea sana Afrika Mashariki, ilihama yenyewe kutoka pini nene hadi pini nyembamba, hivi kwamba mteja wake wa jana hakuweza kutumia chaja ya jana kwa simu ya leo. Apple ilileta tundu pana la pini 30 mwaka 2003, kisha mwaka 2012, pamoja na iPhone 5, ikaleta tundu dogo liitwalo Lightning, na viwanda vilivyotaka kuuza vifaa vilivyoidhinishwa vya tundu hilo vikalazimika kuingia katika mpango wa leseni wa kampuni hiyo. Mwenye tundu miliki hupata faida mara mbili, kwanza kwa kuuza simu na pili kwa kila waya unaouzwa baadaye, na mnunuzi aliyekwisha kukusanya nyaya za kampuni moja huona tabu kuhamia nyingine.

Mataifa hayakunyamaza. China iliweka kiwango cha chaja za simu kilichoanza kutumika mwaka 2007, kikitaka upande wa waya unaoingia katika chaja uwe wa USB, hata kama upande wa simu ungetofautiana. Juni 2009 makampuni 10 ya simu, Apple na Nokia zikiwemo, yalitia saini mkataba wa hiari na Halmashauri ya Ulaya wa kutumia USB ndogo, na Oktoba mwaka huohuo Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ukaidhinisha maelezo ya chaja ya pamoja. Mkataba ule ulipunguza sana wingi wa chaja, lakini ulikuwa na mwanya, kwa kuwa uliruhusu kampuni kubaki na tundu lake mradi iwepo ncha ya kuunganishia, na Apple ikaupitia mwanya huo kwa miaka mingi. Funzo lake ni kwamba hiari hufaa pale tu ambapo hakuna anayefaidika kwa kujitenga.

Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya uliacha hiari na kutunga sheria. Tarehe 4 Oktoba 2022 Bunge la Ulaya liliipitisha kwa kura 602 dhidi ya 13, na kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu, tabuleti, kamera na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa katika nchi za umoja huo vikatakiwa kuwa na tundu la USB-C, huku kompyuta za mkononi zikipewa hadi tarehe 28 Aprili 2026. Sheria hiyo inamwezesha pia mnunuzi kununua kifaa bila chaja mpya, maana Ulaya ilikadiria kwamba chaja zinazotupwa na zisizotumika huzalisha tani 11,000 za taka kwa mwaka. Apple haikungoja tarehe ifike, bali Septemba 2023 ilitoa iPhone 15 ikiwa na USB-C. Saudia nayo ikaweka sharti kama hilo kuanzia Januari 2025.

USB-C ni tundu la umbo la yai lenye migusano 24, lililotolewa mwaka 2014, na ncha yake huingia kwa upande wowote, tofauti na ile ya USB ndogo ambayo watu huilazimisha kinyume gizani mpaka ulimi mwembamba ulio ndani ya tundu ukavunjika. Fundi wa simu huijua vyema kazi inayofuata: kufungua simu, kung'oa tundu lililovunjika na kulehemu jipya, au, ikiwa tatizo ni vumbi la barabara na nyuzi za mfukoni tu, kulichokoa kwa sindano. Ubora mwingine wa USB-C ni kwamba chaja na simu zinazofuata utaratibu wake wa kugawa umeme huulizana kwanza kabla ya kuongeza nguvu. Chaja huanza na volti 5, na haipandishi mpaka simu ikubali. Kwa utaratibu huo tundu lilelile dogo laweza kuchaji kabambe, na laweza pia, kwa chaja na waya ufaao, kupitisha hadi wati 240 zinazotosha kompyuta kubwa.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba sheria ya tundu moja itazuia ubunifu, na hoja hiyo, ambayo Apple yenyewe iliitoa kwa muda mrefu, haipaswi kudharauliwa. Ni kweli kwamba Lightning, ilipotoka mwaka 2012, ilikuwa bora kuliko USB ndogo, kwa kuwa iliingia kwa upande wowote na haikuwa na ulimi wa kuvunjika ndani ya simu. Lakini kiwango cha pamoja si pingu, kwa maana hurekebishwa na walewale waliokikubali, na USB yenyewe imepita katika maumbo kadhaa hadi kufikia hili. Kinachozuiwa ni mtu mmoja kubuni kitu na kuwatoza wengine wote gharama ya kutooana, na kizuizi cha namna hiyo ni halali.

Wengine huuliza ni nini kitakachowapata wenye simu za zamani. Jibu lapaswa kutafutwa katika reli, jambo lililo karibu na watu wa kaunti jirani ya Makueni, ambako reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 hupita Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435 na ile ya zamani milimita 1,000, na ingawa mpya ni bora kwa kasi na kwa uzito inaobeba, mzigo unaohama kutoka moja hadi nyingine hauna budi kupakuliwa na kupakiwa upya. Gharama ya mabadiliko hukaa pale yanapokutana, kwa hiyo hekima ni kuyapangia muda. Simu ya maikro inayofanya kazi isitupwe, bali itumike mpaka ichoke. Sharti liwahusu wanaoingiza na kuunganisha simu mpya, na lisimguse mwananchi aliyekwisha kununua.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya umbo kuwa moja na ubora kuwa mbalimbali. Katika soko la Ukambani nafaka hupimwa kwa gorogoro, mkebe unaobeba takriban kilo mbili, na kipimo hicho kinatumika kwa sababu kila mtu anakijua na hakuna anayekimiliki. Hata hivyo kila mnunuzi anajua kwamba gorogoro lililobonyezwa kitako humpunja. Vivyo hivyo waya wa Taipu C wenye shaba kidogo ndani huchaji kwa kujikokota na kupata moto, na chaja ghushi iliyoundwa bila kutenganisha vizuri umeme wa volti 240 wa ukutani na volti 5 za simu yaweza kumpiga mtu shoti. Rahisi mara nyingi huwa ghali, na kiwango kisichokaguliwa ni mkebe uliobonyezwa.

Kenya haikosi vyombo vya kusimamia jambo hili. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limekuwepo tangu mwaka 1974, na bidhaa nyingi kutoka nje hutakiwa kukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kusafirishwa. Mamlaka ya Mawasiliano nayo huidhinisha aina za simu kabla hazijauzwa. Plagi ya ukutani ya miguu mitatu ya mraba imekuwa moja nchini kwa miongo mingi, na hakuna aliyelalamika kwamba imemnyima uhuru. Kinachotakiwa ni kwamba vyombo hivyo viitaje USB-C kuwa sharti la idhini kwa kila simu mpya, kabambe ikiwemo, baada ya muda uliotangazwa, na kwamba jambo hilo lipelekwe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili kisichokubalika Mombasa kisipenyezwe kwa njia nyingine. Nchi isiyo na sharti hugeuka jaa la mitindo iliyokataliwa kwingine, na simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mashambani bado ni za maikro. Kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River Oktoba 2023 kinaonyesha pia kwamba uamuzi huu unaweza kufanywa nchini, kwa kuwa mwenye kuagiza vipuri ndiye anayechagua tundu.

Sharti hilo lisiishie kwenye simu. Taa na redio za sola zinazouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo ndizo chaja za nyumba nyingi, lakini nyingi huja na ncha za kampuni husika, hivyo betri au paneli ikiharibika mwenyewe hawezi kuazima ya jirani. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni, zinaponunua tabuleti, taa na vifaa vya zahanati na shule, zaweza kuanza mara moja kwa kudai USB-C katika zabuni zao, bila kungoja Nairobi.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mnunuzi na aulize kabla ya kutoa fedha kama simu ni ya Taipu C, na bei zikikaribiana achague hiyo. Asitamani chaja mpya ikiwa anayo nzuri nyumbani. Muuza duka na akatae kuagiza nyaya asizoweza kuzitetea mbele ya mteja wake. Mwenye kibanda cha kuchaji na aweke waya mmoja imara badala ya mitano dhaifu. Wenye mamlaka nao watambue kwamba serikali iliyomtaka mwananchi apokee fedha, mbolea na matibabu kupitia simu imejitwika wajibu wa kuhakikisha kwamba simu hiyo inaweza kuchajiwa kwa waya wa jirani.