Darubini yako inaona upana gani?

Juma hili tukae na watoto tufanye hesabu inayotuhusu.

Hapa Karuba nyumba iko kilima hiki, malisho yako kilima kile. Mtoto akivuka bonde na ng'ombe, mama hubaki anakaza macho. Kikundi kikitaka kuchanga pesa kwa ajili ya darubini ya macho mawili, ile wengi tunaiita jumeli, kwanza kijue kinachonunuliwa.

Muuzaji atasifu ile inayokuza sana. Msifanye haraka. Kwa kawaida, darubini ikikuza zaidi, eneo unaloliona linakuwa jembamba. Tazama maandishi yake. Ikiandikwa 8x42, 8 ni mara inazokuza, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Upana wa eneo unaloliona huandikwa kando, mara nyingi kwa digrii.

Hesabu ni hii: zidisha digrii kwa 17.5. Jibu ni upana kwa mita, ukitazama mahali palipo umbali wa mita 1000.

Darubini ya mara 8 yenye digrii 7: 7 × 17.5 = mita 122 na nusu. Kilima kikiwa mita 500, gawa kwa 2: unaona kama mita 61 kwa mara moja. Ya mara 20 yenye digrii 3 inakupa mita 26 tu kwenye kilima hicho hicho. Utamtafuta mtoto kipande kwa kipande, na mkono ukitetemeka kidogo, picha yote inaruka. Kwa kutafuta mtoto au mnyama, ya mara 7 au 8 inafaa zaidi.

Kama haina maandishi, pimeni wenyewe kabla ya kulipa. Simama mita 20 kutoka kwenye uzio. Tazama bila kusogeza darubini, huku mtoto akiweka alama pale unapoishia kuona kushoto na kulia. Pimeni kati ya alama hizo, kisha mzidishe kwa 50. Mkipata mita 2.4, ni mita 120 kwa umbali wa mita 1000.

Mambo mawili msiyasahau. Usielekeze darubini kwenye jua hata kidogo: inaunguza jicho bila maumivu, na kuona kunaweza kupotea kabisa. Waambieni watoto hivyo kila mara. Tena, palipo na watu wenye silaha, iacheni nyumbani. Anayetazama kwa darubini anaweza kudhaniwa mpelelezi, na hakuna ng'ombe mwenye thamani ya uhai wa mtu.

Jumapili mchana, wape watoto mita ya fundi na uzio wa jirani. Waachieni wao wazidishe, ninyi mhakikishe jibu.