Aliyekusudia Si Aliyetenda

Nimeitazama tena filamu ya Minority Report, aliyoiongoza Steven Spielberg mwaka 2002 kutokana na hadithi fupi ya Philip K. Dick ya mwaka 1956. Nawaomba tuizungumze kwa makini, maana jambo linalosimuliwa humo limekwisha kutoka kwenye senema likaingia katika vituo vya polisi.

Tumo Washington, mwaka 2054. Miaka sita imepita pasipo mtu kuuawa, kwa sababu polisi huwakamata wauaji kabla hawajaua. Watabiri watatu, Agatha na mapacha wawili wa kiume, wamelazwa ndani ya birika wakiyaona mauaji yajayo. Mashine huchonga jina la muuaji kwenye tufe la mbao, na askari wa John Anderton, anayeigizwa na Tom Cruise, hutoka mbio. Wa kwanza kukamatwa mbele ya macho yetu ni mume aliyemfumania mkewe. Mkasi umo mkononi, mkono umeinuliwa. Askari wanaudaka mkono huo, na hapo wametenda wema ambao mimi siwezi kuulaumu. Lakini hawaishii kwenye kuudaka mkono. Wanamtia hatiani kwa mauaji, wanamvika pete ya kumtia usingizi kichwani, na anakwenda kulazwa pamoja na wenzake bila hata kupandishwa kizimbani. Kuzuia ni jambo moja, kuadhibu ni jingine kabisa, na mji mzima umesahau tofauti yake.

Anderton anayo hoja ya kuutetea utaratibu huo. Anamvingirishia tufe mkaguzi aliyekuja kumhoji, naye analidaka kabla halijafika chini. Kwa nini umelidaka? Kwa sababu lingeanguka. Basi, anasema Anderton, kulizuia hakubadilishi kwamba lilikuwa likianguka. Hoja hii ni tamu, na wengi wameondoka nayo. Mimi naikataa. Tufe halina moyo. Halijuti, halimwogopi Mungu, halimkumbuki mama yake likiwa njiani kuelekea sakafuni. Binadamu hufanya yote hayo katika nukta ya mwisho. Sisi tuliosoma madrasa tulifundishwa tungali wadogo kwamba mja aliyekusudia ovu kisha akaliacha kwa ajili ya Mola wake huandikiwa jema. Mji wa Anderton haukumwachia mtu nafasi ya kuliacha.

Na Anderton mwenyewe ndiye shahidi. Siku moja tufe linatoka na jina lake. Anafikishwa mbele ya mtu anayeamini kuwa ndiye aliyemwiba mwanawe mdogo, bastola mkononi, hasira ya miaka imejaa kifuani. Saa iliyotabiriwa inafika, inapita, naye hafyatui. Machozi yanamtoka huku akimsomea yule mtu haki za mtuhumiwa. Najua mzazi aliyefiwa atasema: nipeni mashine hiyo, kesho siyo, leo. Simbezi. Ndicho kilio kilichomfanya Anderton aiamini kazi yake.

Lakini tazameni mashine hiyo imejengwa juu ya nini. Wale watatu ni wana wa watumiaji wa dawa za kulevya, na majini hawakuingia kwa hiari. Mama yake Agatha, Anne Lively, aliacha dawa, akapona, akaja kumdai mtoto wake. Lamar Burgess, mkuu aliyeuasisi utaratibu wote, akamwua kwa mkono wake ili mtoto asitoke birikani. Mji uliojivunia miaka sita pasipo mauaji ulikuwa umelala juu ya maiti ya mama huyo. Tena watabiri walipotofautiana, maono ya yule mmoja aliyepinga yalifutwa kimyakimya, watu wasije wakatia shaka. Wapo basi waliolazwa usingizi ilhali kulikuwa na ushahidi wa kuwatetea, nao umeharibiwa na walinzi wa haki wenyewe!

Mtasema ni hadithi. Haya, twende Chicago. Polisi wa huko walitumia kompyuta kutunga orodha na kuwapa watu alama hadi 500, kukisia nani yumo hatarini kupiga risasi au kupigwa. Karibu watu laki nne waliwahi kupewa alama hizo. Kati ya waliohesabiwa kwa kukamatwa walikuwamo hata ambao hawakutiwa hatiani na mahakama yoyote. Taasisi ya utafiti ya RAND ilipoipima orodha ya awali, ilieleza mwaka 2016 kwamba haikuwaepusha waliomo na risasi. Ila ufyatuaji ulipotokea, hao ndio waliokamatwa zaidi. Orodha iliachwa mwishoni mwa 2019. Ole wa kijana aliyeishi miaka hiyo na namba asiyoijua, huku askari anayemsimamisha barabarani anaijua!

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiletewa mtambo wa kubashiri uhalifu, msiulize kwanza umepunguza wizi kwa kiasi gani. Ulizeni jina huingiaje humo, na hutokaje. Ulizeni mwenye jina anaambiwa lini, na anamjibu nani. Ulizeni, mashine inapotofautiana na mashine nyingine, au mtaalamu mmoja anapokataa, karatasi yake inahifadhiwa wapi. Akikosekana wa kuwajibu, kataeni, hata kama mwizi alikuingilieni jana usiku.

Mwishoni mwa filamu kitengo cha Anderton kinavunjwa. Wafungwa wanaamshwa, wanapewa msamaha, wanaachiwa; msamaha kwa mauaji ambayo hakuna aliyezikwa kwa sababu yake. Na Anderton anatuambia kwamba polisi waliendelea kuwafuatilia wengi wao kwa miaka mingi baadaye.