Mawazo Hupita, Wino Hubaki

Leo nawatobolea siri. Mwaka juzi nilipigwa kibuti na mtu niliyempenda kufa. Usingizi sipati, chakula hakipiti. Nikaenda kuchora tatuu ya jina lake mkononi, eti akiiona atarudi!

Mchoraji akaniuliza, "Dada, umekula leo?" Sijala. "Basi nenda kale, ulale, uje baada ya mwezi."

Sikurudi tena. Baadaye nikasoma kioja cha mwili wetu. Sindano hupeleka wino kwenye tabaka la pili la ngozi. Chembe walinzi wa mwili hukimbilia kuumeza wakidhani ni adui, ila kuusaga wanashindwa. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya kuwa chembe mmoja akifa, mwingine anaudaka wino uleule. Yaani wanarithishana!

Mawazo yangu mimi yaliisha kwa miezi mitatu. Lile jina mchumba wangu wa sasa angelisoma kila siku.

Ukizidiwa na mawazo, kula, lala, mlilie shoga yako. Mkono uache kwanza. Tukutane wiki ijayo!