Wengi Wape, Wachache Wasinyimwe

Watu hupenda kusema, "Wengi wape," na maneno hayo ni kweli. Lakini wako wanaoyafuata vibaya, wakidhani kwamba kuwapa wengi maana yake ni kuwanyima wachache. Katika vyama vingi ugomvi huanzia hapo.

Chukua mfano wa chama cha mpira chenye wanachama 40. Thelathini wakaa ng'ambo hii ya mto, na kumi ng'ambo ya pili. Wote hulipa ada sawasawa. Siku ya kuchagua wajumbe wanne wa halmashauri, kila mtu huandika majina manne. Wale 30 huandika majina ya watu wa kwao, na wale 10 vivyo hivyo. Kura zikiisha kuhesabiwa, wateule wa ng'ambo hii wana kura 30 kila mmoja, na wa ng'ambo ya pili wana 10 tu. Basi viti vyote vinne vyachukuliwa na upande mmoja. Hakuna aliyeiba kura, wala hakuna aliyedanganya katika hesabu. Walakini robo ya chama haina hata mtu mmoja wa kuisemea. Mwaka wa pili huwa hivyo hivyo, na wa tatu pia. Mwisho wake wale 10 huacha kulipa ada, kisha huacha kuja, na chama huvunjika.

Zamani alikuwako Uingereza, katika mji wa Birmingham, mwalimu aitwaye Thomas Wright Hill. Husimuliwa kwamba wanafunzi wake walitakiwa kuchagua halmashauri yao kwa njia hii: kila mtoto aende akasimame karibu na yule ampendaye. Kwanza makundi hayakuwa sawa. Wale wa kundi kubwa wakaona kwamba mwenzao amekwisha kupata watu wa kumtosha, ndipo baadhi yao wakaondoka kwenda kumsaidia mwingine. Na wale wachache waliosimama na mtoto asiye na tumaini la kushinda wakamwacha, wakaenda kwa yule waliyemwona kuwa afaa baada yake. Mwisho kila mjumbe alizungukwa na watu sawasawa, na karibu watoto wote walikuwa na mtu waliyemchagua wenyewe. Mwaka 1819 Hill alitoa shauri la njia ya namna hii kwa chama kimoja cha elimu mjini humo, na mwaka 1840 ilitumika kuchagua baraza la mji wa Adelaide, Australia.

Kama njia hiyo ingefuatwa katika chama kile cha mpira, kila watu 10 wangepata mjumbe mmoja: ng'ambo hii watatu, na ng'ambo ya pili mmoja. Wengi wangepewa haki yao, wala wachache wasingenyimwa yao.

Lakini katika kisa hicho liko jambo moja lisilofaa kufuatwa, nalo ni kusimama hadharani. Nchini Kenya, mwaka 1988, chama cha KANU, ambacho wakati ule ndicho pekee kilichoruhusiwa na sheria, kiliteua wagombea wa ubunge kwa wanachama kupanga mistari mbele ya watu wote. Katika mstari mdeni huonekana na mdai wake, na mtumishi huonekana na bwana wake. Tena mstari ukiisha kutawanyika hauwezi kuhesabiwa mara ya pili, bali karatasi hukaa sandukuni. Viongozi wa makanisa na watu wengine walilalamika, na mwezi wa Desemba 1990 chama kikaiacha njia hiyo.

Dawa yake ni karatasi ya siri. Kila mwanachama aandike majina kwa mpango: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikiwa wa kwanza amekwisha kutoshelezwa, au ameshindwa kabisa, kura hupewa wa pili. Hivyo karatasi hutembea badala ya miguu, wala hapana ajuaye ni ya nani.

Wengine husema kwamba njia hii ina kazi nyingi ya kuhesabu. Ni kweli, lakini kuhesabu kwa saa moja zaidi ni kazi ndogo kuliko kupatanisha chama kilichogawanyika. Wengine husema kwamba wachache wakiingia katika halmashauri wataleta ubishi. Na waulete: ubishi wa ndani husikiwa na kujibiwa, bali ubishi wa nje hugeuka kuwa uadui. Kweli, kiti kimoja hakigawanyiki, na mwenyekiti hana budi kuchaguliwa na wengi. Lakini viti vikiwa vinne, kuwapa watu wa upande mmoja vyote si lazima, wala si haki.

Basi mwanafunzi atakapotoka shuleni na kuingia katika chama cha ushirika au cha mpira, siku ya uchaguzi asiulize tu, "Nani ameshinda?" Aulize pia, "Nani amebaki bila mtu wa kumsemea?"